Mtoto Aliyeonekana Anacheka

Garland, Teksasi

Mdogo wangu Nafula,

Kwanza niambie, mgongo wa Mama unamruhusu kulala? Mimi ni mzima kama fahali. Kazini naendesha mashine ya kuinua mizigo, na Wazungu huacha kazi zao kunitazama. Jioni ndipo sina wa kunitazama, ndiyo maana naandika.

Ulisema mwanao Pendo hujampeleka chanjo kwa sababu kaka yako hajawahi kudungwa sindano na misumari hupinda ikikutana na unyayo wake. Kweli nilisema hivyo. Sasa sikiliza.

Nyumba ya chini anakaa mama mmoja Mkongo. Kijana wake wa miaka mitatu hakuwa amechanjwa hata mara moja. Mama yake aliogopa homa ya sindano. Mtoto alikanyaga msumari, wakapaka majivu, kidonda kikafunga. Baada ya wiki mama akanigongea mlango.

"Papa Wekesa, mutoto iko nacheka tu, lakini anakatala kukula. Ni malaria hii?"

Nikashuka. Taya zimekaza, shingo ngumu kama mpini, uso umevutika kama wa mtu anayecheka. Mlango ulipojibamiza, mgongo wake ukapinda kama upinde. Lakini macho yalinitazama, akili yote ipo. Degedege humpotezea mtoto fahamu, hii haikumpotezea.

"Hii ni pepopunda," nikamwambia. "Vaa viatu, twende hospitali."

Nilijuaje? Umenisikia mara mia nikisimulia jinsi nilivyombeba marehemu kaka yetu Barasa, kabla hujazaliwa, nikavuka mto Nzoia kumpeleka hospitali, mamba watatu wakinifuata. Hakukuwa na mamba, Nafula. Sikumbeba popote. Nilikuwa na miaka saba. Nilimwona anatabasamu, nikapiga debe nimchekeshe zaidi. Kila nikipiga, anajikunja. Nilipiga mpaka Mama akarudi kutoka shambani.

Kijana ana wiki ya tatu hospitalini. Mama yake akiwa kazini, mimi hukaa naye. Chumba ni cha giza, kelele marufuku. Na mdomo wangu huu, nanyamaza siku nzima. Jana kinywa kilifunguka kidogo, kijiko cha uji kikaingia. Daktari anasema hata akipona lazima achanjwe, kwani ugonjwa wenyewe haumkingi. Na mimi nimechanjwa. Mkono uliuma siku mbili, waambie watu hivyo.

Msalimie shemeji fundi baiskeli, na shangazi wa sokoni. Mama msomee yote.

Jumatatu mpeleke Pendo, usingoje akanyage kitu. Akidungwa, nipigie, uache simu wazi. Nataka kumsikia akilia, kinywa wazi kabisa.

Kaka yako,
Wekesa, mjomba wa Pendo