Alama Nyekundu Pembeni

Jumatatu, 4 Machi 1957
Siku nzima mezani tena. Nanakili mchoro wa kibao cha swichi za mashine ya kukaushia kahawa. Karatasi ya mafuta, wino mweusi, matundu arobaini na moja, na njia za vipande vya shaba. Shingo inauma. Bwana, yule Mzungu mkubwa wetu, amesema kibao kikifanya kazi, napata konji, likizo ya kwenda nyumbani. Miaka sita sijaona kwetu Kasongo. Mama anaumwa.

Jumatano, 6 Machi
Nimemaliza. Muzee Ramazani, kapita anayetusimamia, ndiye hukagua na kutia sahihi. Huinua karatasi dirishani. Siku hizi huisogeza mpaka inagusa pua.
«Iko bien, mutoto yangu?»
«Iko bien, muzee.»
Akatia sahihi.

Alhamisi, 7 Machi
Meli imeondoka kwenda Bukavu. Mchoro umo, ndani ya bomba la bati. Huko ndiko watakata kibao.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeona chupa ya wino mwekundu. Vumbi juu ya kifuniko. Sikuifungua wiki hii.
Karatasi ile huonyesha pande zote mbili, kwa hiyo pembeni tunatia alama nyekundu: shaba ikae upande huu. Sikutia. Bukavu watachagua upande wowote.
Simu ya kuwaonya iko ofisini. Nikisema, konji imekufa. Sikusema.

Jumapili, 10 Machi
Sikula. Labda watachagua sawa.

Jumanne, 26 Machi
Kibao kimefika. Kimegeuka, kama uso kwenye kioo. Ukikipindua ili matundu yalingane na mashine, shaba zinalalia chuma. Hakifai kitu.
Bwana hakuniuliza mimi. Alitazama sahihi. Akamwita Muzee makaku, nyani kipofu, mbele ya watu wote. Kazi imekwisha, atoke kambini kabla ya Jumamosi. Miaka kumi na tisa alifanya kazi hapa.
Nilikuwa nimeshika bisibisi. Niliendelea kuishika. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 27 Machi
Nimenakili upya. Alama nyekundu nimetia mara mbili. Kapita mpya hakuinua karatasi dirishani. Alisaini tu.

Jumanne, 16 Aprili
Kibao cha pili kimekaa vizuri. Mashine inazunguka. Konji imesainiwa. Nilifikiri nitafurahi.

Alhamisi, 18 Aprili
Muzee amekuja kuniaga. Haruhusiwi kuingia kambini, tumesimama nje ya lango. Sasa analala mtaa wa Birere kwa shemeji yake. Binti yake yuko Kasongo; Muzee amenipa kitambaa nimpelekee.
«Umuambie ni macho ilinikosesha kazi,» alisema. «Asifikiri niliiba.»
Nimeitika.
Kisha akanishukuru, akaondoka polepole, akipapasa ukuta kwa mkono.
Kitambaa nimekiweka juu kabisa sandukuni. Ni cha buluu. Lori linaondoka kesho asubuhi.