Treni Iliyomhamisha Shangazi

Ruhuwiko,
Songea.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Kassian,

Shikamoo. Habari za Mwanza? Kile kifua chako kimeachia? Sisi huku tu wazima, ila baridi imeanza kuuma. Mahindi tumeshavuna, namshukuru Mungu.

Kaka, ulinipigia ukauliza kwa nini shangazi Skolastika hapatikani, nikakukwepa. Yuko Nalasi, kwa Bakili, ndugu wa marehemu mumewe. Nyumba yake, ile aliyotulelea sisi watatu baada ya mama kufa, imebomolewa.

Unakumbuka mdogo wetu Edwin alivyokupigia akitaka kutengeneza saketi inayolia kama treni? Alikwambia ni kidude cha watoto kuchezea. Ukamwelekeza kila kitu: chipu ya IC ya kutoa honi, transista ya ule mvumo, na namna ya kuikuza sauti polepole, treni ije kutoka mbali, ipite, ipotee.

Wakati huo mimi nilikuwa Mbinga, nimejifungua. Edwin aliiunga saketi kwenye betri ya bodaboda na spika kubwa, akaificha ndani ya pipa nyuma ya jiko la shangazi. Ikawa inalia kila alfajiri. Shangazi, unajua, haoni tena. Akamuuliza jirani yake Romanus, ambaye miaka yote alikitamani kile kiwanja.

"Ndiyo reli mpya ya serikali hiyo, mama, wanaijaribu," Romanus akamjibu. "Nyumba yako iko njiani."

Shangazi aliacha kula. Mwishowe akakubali kuhama, akidhani anaipisha serikali. Kumbe kiwanja wamegawana Romanus na Edwin.

Nimeyajua haya kwenye ubatizo wa mwanangu. Edwin aliileta saketi, akaiwasha mezani mbele ya wageni, akaigiza shangazi anavyoruka kitandani na kupapasa ukuta. Watu walicheka, kaka. Wengine walimwomba arudie.

Nilikwenda Nalasi. Nilimkuta shangazi mkekani akibangua korosho, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Aliitambua sauti yangu, akafurahi.

"Wema! Treni imeshaanza kubeba abiria?"

Nikamweleza yote. Sijui kama nilifanya vema.

Aliiweka chini korosho aliyoishika. "Edwin mwenyewe ndiye aliyenishika mkono kunitoa," akasema. "Alikuwa ananiambia, haraka shangazi, tusije tukagongwa." Kisha akauliza, "Na hicho kidude, nani alimfundisha?"

Nikamwambia ni wewe, na kwamba ulidanganywa. Sina hakika kama alisikia lile la pili. Hakulia. Alipapasa korosho nyingine, akaendelea kubangua.

Edwin anajenga Msamala, kwenye sehemu yake ya kile kiwanja. Sisi hatusalimiani.

Nisalimie wifi Pamela, na wanao Jane na Eric. Mungu awaepushe na ubaya wa nje na wa ndani ya nyumba. Nilipoaga nilimuuliza shangazi nikuandikie salamu gani. Akasema hana.

Mdogo wako, nakupenda hata hivyo,
Wema