Mchungwa wa Baba

Hapa Tulia, Jumanne jioni

Na shida ilikuwa mashimo tu. Leo nimeung'oa mchungwa kwenye ile ndoo ya rangi, nikakuta mizizi imeoza, inanuka kama mtaro. Ndoo sikuitoboa chini. Kila nikitoka shuleni niliumwagilia, na majani yalipogeuka manjano nikaongeza maji.

Singepoteza kitu kumuuliza mama. Anajua miti. Baba alipofariki na mchungwa wake kule nyumbani Mbooni ukaanza kukauka, ni mama aliyekata vijiti vyake akaviunga kwenye miche miwili ya ndimu ili viote humo, mmoja wake, mmoja wangu. Kila akipiga simu nilimwambia, "Unaendelea vizuri." Uongo wa miezi miwili.

Jumapili anakuja kunitembelea, kwa hivyo leo nimepiga mimi.

"Mwaitu, mama, mchungwa wa baba umekufa. Nimeuua na maji."



"Pole, Mwende," mama akasema. "Wangu uliliwa na mbuzi wiki iliyopita. Nilikuwa najipa moyo kwamba wako upo."

"Na ule mkubwa wa baba?"

"Huo tulishaupasua kuni."

 Nimekaa hapa mlangoni na ndoo tupu, nikifikiria ile siku ya kwanza nilipoona jani la manjano. Ningemwambia ukweli siku hiyo, angekata kijiti kwa mche wake, aniungie mwingine. Wakati huo wa mama ulikuwa bado unachipua.