Sekunde Nne za Sanduku la Babu

Ghorofa ya tano, mlango wa mwisho,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa huku. Hujambo? Goti linasemaje? Natumaini limeacha kukusumbua ukipanda ngazi za kazini, na kwamba baridi ya huko imeanza kulegea. Sisi wazima. Baba bado anatengeneza lifti za watu kisha anarudi kupanda ghorofa tano kwa miguu, maana jengo letu halina lifti. Mama bado anafua mashuka ya nyumba ya wageni. Kaka, yule unayemwita Profesa, bado anajua kila kitu.

Nimeianza barua hii mara tatu. Mara ya kwanza niliiandika kwa lugha ya shuleni, nikaona maneno yanatoka safi mno, kama ya mtu asiyehusika. Kuomba radhi kwa lugha ile naona ni kama ile samahani ya kumpisha mtu mlangoni. Basi nimerudi kwenye lugha ambayo wewe hunigombeza kwayo.

Shangazi, yule mtu aliyekupokonya sanduku la negativu za picha kwenye mnada wa mtandaoni, zikiwa zimebaki sekunde nne, ni mimi.

Haya, nimeandika. Naomba usiikunje barua bado.

Mwezi uliopita nilikuwa juu ya paa, ninakokwenda na simu wakati mashuka ya Mama yanakauka. Upepo ukiwepo, mashuka yale huvuta pumzi na kuishusha taratibu, na ukikaa katikati yake unasahau kama chini kuna mji. Nilikuwa nazurura kwenye mnada nikitazama vitu nisivyoweza kununua: saa zisizotembea, vitasa vya milango, viatu vya watu ambao nadhani hawapo tena. Ndipo nikakuta sanduku. Negativu za zamani, vipande mia mbili na kumi na viwili, hazijasafishwa kuwa picha. Kwenye picha ya tangazo mkono wa mtu umeshikilia filamu moja dirishani, kubwa kama kiganja. Mwanamke amekaa kitini. Nyuma yake pazia lenye ziwa na bata maji wawili, na mmoja hana kichwa.

Lile pazia ulinisimulia wewe. Ulisema Babu alilichora mwenyewe kwa ajili ya studio yake, rangi ikamwishia kwenye shingo ya bata wa pili, akasema atamalizia kesho, na hiyo kesho haikufika. Ulisema pia kwamba Babu alipofariki, mwenye nyumba aliuza vyote vilivyokuwemo kabla wewe na Baba hamjafika, ndiyo maana hatuna hata picha moja ya Bibi. Mama yako unamjua kwa kusimuliwa tu, kwa sababu siku uliyokuja ndiyo siku aliyoondoka. Nilipoliona pazia nikajua mwanamke yule anaweza kuwa nani, na nikataka nikuletee siku yako ya kuzaliwa, siku ambayo huwa hutaki hata kupigiwa simu.

Sikumwambia mtu. Unanijua, wewe ndiye uliyenipa jina la Kobe, kwa sababu mgeni akibisha hodi mimi naingiza kichwa. Nilijiandikisha kwa jina hilohilo na kwa kadi ya Kaka, ambaye alidhani nanunua viatu. Mnada huficha majina ya watu. Hubaki herufi ya kwanza na ya mwisho, katikati nyota tatu, jina liwe fupi au refu.

Bei ilikuwa ishirini na mbili, na mtoa dau alikuwa mmoja tu. Kila dau jipya lazima lipande angalau hatua moja, na hatua zenyewe si sawa. Bei ikiwa ndogo, hatua ni moja. Ikipita hamsini, ni mbili. Ikipita mia, ni tano, kama ngazi ambayo vipandio vyake vinazidi kuachana kadiri unavyokwenda juu. Nikaweka ishirini na tatu. Kabla sijapepesa macho ikawa ishirini na nne, ya yule mtu. Nikaweka ishirini na tano, naye ishirini na sita.

Siku tatu nilimpandia, na siku tatu alinijibu papo hapo, hata saa za chakula. Nikaanza kumchukia. Nilimwona kabisa: mwanamume mnene mwenye pete, amekaa peke yake kwenye chumba chenye zulia, anakusanya bibi za watu. Nisamehe, Shangazi. Nilimpa hata kikohozi.

Bei ilipofika mia na ishirini, Kaka akanikuta paani nikiwa na sura ya mtu anayegombana. Alichungulia simu, akacheka mpaka akashika kamba ya nguo.

"We Kobe, unapigana na nani?"

"Na huyu. Huyu halali!"

"Huyo si mtu, ni mashine. Mwenyewe aliiambia kiwango chake cha mwisho tangu siku ya kwanza, kikafichwa, akaenda zake kupika. Wewe ukipanda, mashine inampandishia hatua moja juu yako. Hapo unamfanyia muuzaji kibarua cha bure."

"Sasa nifanyeje?"

"Nyamaza. Si ndiyo fani yako? Nyamaza mpaka sekunde za mwisho, halafu weka ulicho nacho chote kwa mkupuo. Akija kushtuka, mlango umefungwa."

Iko minada ambayo mtu akivamia mwishoni muda huongezwa. Huu haukuwa hivyo.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Nilikaa katikati ya mashuka na akiba yangu yote ya kuwatafsiria majirani barua na fomu zao, mia moja themanini na sita na senti arobaini. Kaka alisema afadhali kuweka namba yenye vijisenti, kwa sababu watu hupenda namba zilizonyooka. Mimi sikuwa na ujanja huo. Ndizo nilizokuwa nazo tu. Sekunde ya kumi, ya nane, ya sita. Kulikuwa kimya sana kule juu, shuka moja likanigusa bega kama mtu anayetaka kuona. Ya nne, nikabonyeza.

Mashine ililinganisha viwango viwili, changu na kile kilichofichwa. Mshindi hulipa hatua moja tu juu ya aliyemfuatia, lakini kiwango chake kikiwa hakifiki hatua nzima, hulipa kiwango chake chote. Nikatozwa zote, mpaka zile senti arobaini. Niliruka peke yangu kama mwendawazimu.

Kesho yake ukapiga simu. Baba aliiweka mezani, sauti wazi, na mimi nilikuwa nasuuza vikombe.

"Kaka," ukamwambia Baba, "nilimwona Mama. Nilimwona, akaenda."

Baba akauliza amekwenda na nani.

"Simjui! K, nyota nyota nyota, E. Niliweka mia na themanini na tano, ndizo nilizoweza, na kanipita kwa moja na senti arobaini! Sekunde nne, Kaka. Hata miwani sijavaa."

"Watu wengine hawana haya," Baba akasema.

Ukalia, Shangazi. Sijawahi kukusikia ukilia. Nilisuuza kikombe kimoja mpaka Mama akaniuliza kama nataka kukitoboa. Hukuwa umemwambia mtu kwa kuogopa kumpa Baba matumaini, nami sikuwa nimesema kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Kama nisingegusa kitu, ungelipata kwa ishirini na mbili. Kila hatua ile niliipanda juu ya mgongo wako, na mwishoni nikakupokonya.

Ningeweza kusema palepale. Mdomo niliufungua, sauti haikuja. Nikajiambia nitasema sanduku likifika, angalau niwe na kitu mkononi. Zikapita karibu wiki mbili, na kila Baba alipokutaja nilikwenda paani.

Sanduku limefika Alhamisi. Ni la bati, lina harufu ya siki. Nilizitoa moja moja na kuziinua dirishani, na huko ndani dunia imegeuka: mchana ni mweusi, vivuli vinang'aa, maharusi wamevaa magauni ya masizi. Watu wote hao walikaa mbele ya bata yule asiye na kichwa wakatulia kwa ajili ya Babu. Niliona kama napita kwenye ndoto ya mtu mwingine na viatu mkononi. Wa mia moja na tisa alikuwa yeye.

Lakini nilikuwa sijui kama ni Bibi kweli. Nilikuwa nimebahatisha tu. Anayeweza kujua ni Baba, aliyekuwa na miaka saba, na kumwonyesha Baba maana yake ni kukiri. Jana nikamfuata, ametoka kazini, mikono bado ina grisi. Nikamweleza yote nikitazama kola yake. Baba akasema, "Yaani mmepandishiana bei wenyewe kwa wenyewe? Muuzaji anawaombea dua mpaka leo." Akacheka, halafu akaacha kucheka, akaenda kunawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Akaishika filamu kwa ncha za vidole, akaiinua dirishani.

"Ni Mama," akasema. "Hilo gauni aliazima kwa jirani. Ya kwake yalikuwa hayamtoshi tena. Mimi ndiye niliyeshika taa."

Nikamuuliza kwa nini hayakumtosha. Mimi nilidhani pale mapajani, chini ya mkono wake, kuna kitambaa kilichokunjwa. Baba akanigeukia kama ananishangaa.

"Hujaona? Huyo ni Shangazi yako. Zilikuwa zimebaki wiki tatu."

Alitaka kukupigia palepale. Nilimwomba asubiri barua hii ikufikie kwanza, kwa sababu nilichokutendea ni changu kukisema. Amekubali, ila anatembea nyumba nzima akijishika mdomo. Filamu yenyewe iko ndani ya bahasha hii, katikati ya kadibodi mbili ngumu. Sijaisafisha wala kuigeuza kwa simu nikaona sura yake halisi. Hiyo ni yako. Utakapoiweka dirishani, tazama mkono wake wa kulia: watu wote sandukuni wameweka mikono magotini kama Babu alivyowaambia, yeye peke yake amekataa, ameuweka juu yako.

Nisalimie binamu zangu wote wawili, hasa yule mdogo anayetafuna penseli. Mama anakusalimu na anasema uvae soksi. Profesa anakusalimu na anadai mbinu ilikuwa sahihi, kosa ni la mlengwa. Mungu akulinde uendapo na urudipo, na akupe macho makavu ya kutosha kuisoma hii.

Nikupendaye hata ninapokosa sauti ya kukwambia,

Mtoto wa kaka yako.