Kisigino Changu na Ngoma ya Harusi ya Maryanne

Mama Wangari, mshauri wetu,

Ejok, salamu za huku Turkana. Nimezoea kucheka shida za wengine kwa redio yako, leo ni zamu yangu, nisaidie. Nauza mitumba hapa Lodwar, na msichana wangu Maryanne anaolewa mwezi ujao na Mamer, kijana Mdinka wa Kakuma, mtu mzuri, sina neno na yeye. Sasa kwao harusi ni kuruka, wanaruka juu kweli, na mimi baba ya msichana nikaambiwa nitaruka na wazee wao, na kisigino kinaniuma, asubuhi nikishuka kitanda ni kama nimekanyaga mwiba, nashika ukuta mpaka mguu ipate moto kidogo. Nikaona aibu kusema, kwa sababu mama ya Mamer, Agot, aliona nyayo zangu kwa mchanga akauliza kama kuna ngamia imepita, watu wakacheka, hata mimi, maana ni kweli mguu yangu imelala yote chini, haina uvungu. Basi nikadanganya kanisa yetu imekataza kuruka. Wakaheshimu, wakaacha ngoma. Sasa Maryanne analia, na bibi yangu Chelangat ananiuliza hiyo sheria ilisomwa Jumapili gani. Nimeharibia mtoto siku yake. Nifanye nini?

Barasa, Lodwar

Baba Maryanne,

Pole kwa kisigino. Kwa uongo sikupi pole. Umesingizia kanisa zima kwa sababu ya mguu mmoja.

Chini ya mguu kuna mshipa mpana, kutoka kisigino hadi vidole, unaoshikilia ule uvungu. Mguu ukilala hivyo, mshipa unavutwa kila hatua, na pale uliposhikana na kisigino ndipo panawaka. Usiku unajikaza, ndiyo maana asubuhi unashika ukuta. Na bila shaka unavaa akala, zile ndara za tairi, kama wengi huko. Tairi ni bapa, haibebi mguu wako. Ziweke kando, utafute kiatu kilichoinuka kidogo nyuma na kujaa katikati. Wewe muuza mitumba usiniambie umekosa. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuja kwako polepole. Jioni viringisha chupa ya maji baridi chini ya unyayo. Na uende hospitali wakuangalie.

Lakini kwanza, kabla hujamaliza chai, mwambie Chelangat. Kisha mwende Kakuma pamoja, umwambie Agot kwa mdomo wako: "Mama Mamer, kanisa haijakataza kitu. Ni huu mguu wa ngamia." Atacheka mpaka akae chini. Hapo hapo omba ngoma irudi.

Siku yenyewe hutaruka. Utakaa mbele na viatu vyako vizuri, upige makofi mpaka mikono iume. Sehemu yako ataruka Mamer. Mkwe ni wa nini?