Shule Mbili Kwenye Kioo

Mjukuu wangu na mke mwenzangu Zuhura,

Huku Nachingwea tu wazima. Babu yako, mumeo, anaanika korosho huku akiimba vibaya.

Unasema mchoro wako umepotea kwenye kompyuta na unataka kuuanza upya. Subiri kwanza. Nilipokuwa mchora ramani Ruangwa, mchoro wa shule ulinipotea vivyo hivyo. Nikalia, nikachora shule nyingine kwa siku tatu. Mkuu wangu akaja, akabonyeza gurudumu la kipanya mara mbili harakaharaka. Kioo cha kompyuta kikarudi nyuma kuonyesha kila kilichochorwa, zikatokea shule mbili: mpya, na ile ya kwanza mbali pembeni, zote ndogo kama punje za ufuta.

Bonyeza hivyo uone. Iliyojengwa ni ile ya kwanza. Ya pili niliichora kwa hasira, nikasahau milango.

Bibi yako