Saini Ishirini na Tisa kwa Mpangilio wa Alfabeti

Kipawa, Jumamosi, alasiri.

Jua limeyapiga mabati yetu tangu asubuhi bila huruma, na kila baada ya dakika chache ndege inapita chini kiasi kwamba vikombe vinatikisika kabatini. Hayo nimeyazoea. Nisichokizoea, wala sitaki kukizoea, ni kugundua kwamba nimekuwa mpumbavu muhula mzima, tena mpumbavu mwenye ufasaha.

Naandika nikiwa na hasira. Nusu ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe.

Wanaousoma ukurasa huu wanaujua msimamo wangu. Sijapata kuelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu hawezi kuwa yeye mpaka mtu mwingine agonge mhuri. Ukitaka chochote, unaanza kwa mjumbe aandike kwamba anakufahamu. Karatasi ya mjumbe unaipeleka serikali ya mtaa, unamsubiri mtendaji arudi kutoka msibani, kisha unakwenda kwa wakili akuthibitishie kwamba nakala ya cheti chako ni nakala ya cheti chako. Nani aliwapa hawa mamlaka ya kuamua kwamba mimi ni mimi?

Ndiyo maana nilipotakiwa kuchagua mradi wa mwaka wa mwisho, sikusita. Nilichagua blokucheni: kumbukumbu zinazofungwa moja baada ya nyingine kama pingili za mnyororo, nakala zake zikikaa kwenye kompyuta kadhaa, ili asiwepo mkubwa wa kurudi nyuma na kufuta asilolipenda. Kila mwanafunzi wa darasa letu alipata funguo mbili. Ufunguo wa umma uliwekwa hadharani mbele ya jina lake. Ufunguo wa siri, ulioandikwa kwa maneno kumi na mawili, alibaki nao mwenyewe. Ukisaini kwa ule wa siri, yeyote duniani anaweza kuchukua ule wa umma akahakiki kwamba saini ni yako. Hakuna mhuri. Hakuna wakili. Hakuna mtendaji aliyekwenda msibani.

Msimamizi wangu alinipa heshima ambayo sikuitarajia. Alikubali kwamba muhula huu karatasi ya mahudhurio ya somo lake iondolewe, utumike mnyororo wangu. Mahudhurio kwetu si mchezo. Asiyeyatimiza hafanyi mtihani. Na karatasi ile tunajua ilivyokuwa: inapita dawati kwa dawati, mtu anasaini lake, anamsainia rafiki yake, kisha rafiki wa rafiki yake. Tunaita kusainiana, kana kwamba ni sehemu ya ujirani mwema.

Nilisimama mbele ya darasa nikatangaza kwamba enzi ya kusainiana imekwisha. Nilisema ufunguo wa siri ni nafsi yako, usimpe mtu yeyote. Walinipigia makofi, na mimi nikayaamini.

Jumatatu natetea mradi huo mbele ya jopo. Jana nikaketi kuandaa maelezo, na kwa mara ya kwanza nikazisoma kumbukumbu zenyewe badala ya kujivunia tu kwamba zipo.

Saini zote zilikuwa halali. Hisabati haikukosea hata mara moja. Lakini kila Jumanne, saini ishirini na nane ziliingia zikifuatana ndani ya dakika chache, kuanzia Abdallah hadi Zawadi, kwa mpangilio uleule wa orodha ya darasa.

Watu hawaingii darasani kwa alfabeti.

Na ipo Jumanne moja ambayo hazikuwa ishirini na nane. Zilikuwa ishirini na tisa.

Niliandike hili kabla ujasiri haujaniishia: ile ya ishirini na tisa ni yangu. Siku hiyo nilikuwa Pugu, katika ukumbi wa parokia, nikiwahutubia vijana kuhusu uwajibikaji. Asubuhi yake nilimtumia Upendo, CR, yaani kiongozi wa darasa letu, maneno yangu kumi na mawili kwa ujumbe wa simu, nikamwomba anisainie, mara hii moja tu. Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilidhani wengine wote walikuwa wanausikiliza ushauri wangu.

Leo asubuhi nikaenda Boko, nyumbani kwa akina Upendo. Nilimwamkia mama yake shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekuja kugombana, naye akaniitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwishajua. Upendo alikuwa barazani anachambua mchele. Nilipouliza funguo za watu ziko wapi, hakubabaika. Aliingia ndani akatoka na daftari la jalada gumu. Kila jina na maneno yake kumi na mawili, kwa mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula.

Nilimkumbusha nilichosema mbele ya darasa zima.

"Tulikusikia, Mheshimiwa," akasema, na jina hilo hulitumia anapotaka kunichoma. "Ulisema tusimpe mtu yeyote. Mie si mtu yeyote. Mie ni CR wenu."

Nilitoa hotuba. Sitaificha: nilitoa hotuba kwenye baraza la watu, mbele ya ungo wa mchele. Nilisema amegeuka mjumbe mpya, na daftari lake ndilo mhuri mpya. Nilisema mnyororo mzima niliujenga ili mtu kama yeye asiwepo. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama najua Salum anashinda wapi siku za Jumanne.

Salum ni jirani yangu hapa Kipawa. Duka la vyombo la familia yao lilikuwepo kabla wazazi wangu hawajahamia kutoka Njombe. Nilijua baba yake alipooza upande mmoja mwaka huu. Sikuwa nimejiuliza nani anafungua duka.

"Uliposimama pale mbele uliuliza nani atasaini," Upendo akasema. "Hukuuliza nani hatakuwepo."



Ndipo akauliza, polepole, kama haya yanaweza kufutika kabla ya Jumatatu. Nikamwambia ndiyo. Kompyuta zote tatu zenye nakala ziko chini ya mikono yangu. Ningeweza kuujenga mnyororo upya tangu pingili ya kwanza, saini zikakaa ovyoovyo kama za watu halisi wanaoingia darasani, na jopo lisingejua. Nilijisikia nikiyasema hayo kwa ufundi, kwa majivuno kidogo hata. Mimi, niliyeuliza nani aliwapa mamlaka.

Sikufuta.

Nilimwomba Upendo ukurasa wangu, akauchana taratibu kwenye daftari akanipa. Nikatengeneza ufunguo mpya papo hapo, kwenye simu yangu. Ila mfumo wangu, kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe na kuisahau, haukubali ufunguo mpya kwa jina la zamani mpaka mwanafunzi mwenzako asaini kwamba amekuona kwa macho na ni wewe. Upendo akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Lete kitambulisho," akasema.

Tulicheka wote, mimi kwa uchungu. Akanisainia, kwa ufunguo wake mwenyewe safari hii. Na kumbukumbu ya kwanza niliyoiingiza kwa ufunguo wangu mpya ilikuwa sentensi mbili: kwamba Jumanne ile sikuwepo darasani, nilikuwa Pugu, na kwamba saini iliyopo haikutoka mkononi mwangu. Kilichotangulia kimebaki palepale. Mnyororo haufuti, unaruhusu tu kuongeza. Sikuandika jina la mtu mwingine. Upendo akaniuliza wengine je, nikamwambia kila mtu ana ufunguo wake, mradi awarudishie kurasa zao.

Inawezekana kwa sentensi hizo mbili nimejifelisha mradi. Inawezekana nimejifungia mtihani. Nimerudi Kipawa nikiwa nimekasirika zaidi ya nilivyoondoka, kwa sababu sina tena wa kumkasirikia.

Saa kumi jioni hii nimefungua mnyororo, nikakuta kumbukumbu nyingine chini ya yangu. Jumanne zote, imeandikwa, nilikuwa dukani kwa baba. Imesainiwa kwa ufunguo wa Salum.

Nimeihakiki kwa ufunguo wake wa umma. Halali kabisa. Na papo hapo nikaganda, kwa sababu ufunguo unathibitisha kwamba aliyesaini anayajua yale maneno kumi na mawili, basi. Mkono ulioyaandika hauujui. Na maneno ya Salum yamekaa kwenye daftari kule Boko muhula mzima. Ni yeye? Ni Upendo, kwa huruma zake?

Nikachukua simu nikampigia Salum.

Nyuma yake nilisikia sufuria zikigongana na mteja akilalamikia bei. "Ni mie, sista," akasema kabla sijamaliza kuuliza. "Nimeandika mwenyewe, kwa kidole changu. Ulitaka nije na mjumbe?"

Niliitambua sauti yake tangu salamu.

Jumatatu jopo litaniuliza mfumo wangu unathibitishaje kwamba mtu ni yeye. Nitaeleza funguo, nitaeleza saini, nitaonyesha hisabati yote. Halafu watauliza nilijuaje kwamba kumbukumbu ile ya mwisho imeandikwa na Salum mwenyewe.

Je, nitathubutu kuwaambia kwamba nilimpigia simu?